Mlinaswaje na poka, kamari ya karata? Mimi ilikuwa sebuleni kwa rafiki, "mchezo wa kirafiki tu"

#1 Sebule ya Ijumaa
Wakuu salaam. Kuna mtu humu aliyenaswa na poka bila kukanyaga kasino hata siku moja? Mimi nanyoosha mkono wa kwanza.

Tulikuwa sita, marafiki wa kusoma pamoja. Kila Ijumaa usiku tunakutana sebuleni kwa mmoja wetu, kila mtu anatoa kiasi kidogo, anapewa chipu, vile vibao vya kuchezea badala ya pesa. Zikiisha umetoka, unakaa pembeni kupiga soga. Miezi ya mwanzo ilikuwa raha tupu. Kisha mmoja akasema, "Jamani, aliyetoka mapema anakaa bure, aruhusiwe kununua chipu tena." Tukakubali bila hata kujadili. Hakuna aliyeona kwamba usiku ule tulikuwa tumebadilisha mchezo.

Mwaka ulipoisha nilikuwa nanunua mara nne, mara tano kwa usiku mmoja. Jumatatu niko kazini nawaza karata za Ijumaa. Jumatano naanza kuwakumbusha wenzangu, "Mnakuja, eeh?" Kisha tukaongeza Jumanne, na pendekezo lilikuwa langu.

Msimamo wangu ni huu: mchezo wa nyumbani ni hatari kuliko kasino. Kasino ina mlango, unajua umeingia na unajua umetoka. Sebuleni kwa rafiki ulishaingia miaka mingi nyuma, kabla karata hazijafika. Nielezeni kama nakosea.

#2 Kijiwe cha Pili
Nimekaa siti ya mbele. Pole mkuu, na ahsante kwa kufunguka.

#3 Hesabu Haidanganyi
Pole, ila hoja yako naipinga. Kasino inakata sehemu yake kwenye kila poti, yaani pesa zilizowekwa katikati ya meza, au inatoza kwa muda uliokaa mezani. Wachezaji wote wakijumlishwa, lazima waondoke na pungufu. Sebuleni hakuna makato. Alichopoteza mmoja ndicho alichopata mwingine, hadi senti ya mwisho. Kihesabu nyumbani ni nafuu kabisa.

#4 Mchapa Karata
Naunga mkono #3. Nyumbani pesa inazunguka tu. Leo kwako, kesho kwangu. Kwetu tumecheza miaka na hakuna aliyefilisika.

#5 Bibi Shupaza
#4, ndugu yangu, una daftari? Sisi tulidhani pesa inazunguka mpaka siku nilipoanza kuandika. Miezi kumi ya kuandika ikaonyesha kwamba watu wawili ndio walikuwa wanamlipa mtu mmoja, na wengine tulikuwa tunapanda na kushuka karibu na sifuri. Hao wawili walikuwa wanaapa kwamba wako sawasawa. Hawakuwa waongo. Usiku wa ushindi walikuwa wanaukumbuka kwa mwaka, usiku wa kupoteza wanausahau kabla ya kufika nyumbani.

Poka si bahati tupu ndiyo maana pesa haizunguki sawa. Mwaka 2017 programu ya kompyuta inayoitwa Libratus, iliyotengenezwa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, ilicheza mikono 120,000, yaani migao 120,000 ya karata, dhidi ya wachezaji wanne wa kulipwa na ikawashinda wote. Bahati haikai upande mmoja kwa mikono yote hiyo. Mjuzi mmoja akikaa na marafiki watano wasiojua, polepole anawanyonya, hata kama anawapenda.

#6 Mchapa Karata
Daftari sina. Nitaanza Ijumaa hii.

#7 Mbishi wa Haki
Mleta mada, mlikuwa sita. Sebule moja, karata zilezile, kanuni zilezile. Umenaswa wewe. Wale watano je? Kama sebule ndiyo mtego, mbona umekamata mguu mmoja tu? Siulizi kwa ubaya. Nadhani unailaumu nyumba wakati jambo liko ndani yako.

#8 Zamu ya Usiku
Nafanya kazi ya uuguzi, nikiwa na wagonjwa wa akili na uraibu, kwa hiyo niongeze kidogo.

Mwanasaikolojia B. F. Skinner alionyesha zamani kwamba mnyama akipewa zawadi kila anapobonyeza kitufe, zawadi ikikatwa anaacha haraka. Akipewa bila mpangilio, mara baada ya kubonyeza mara tatu, mara baada ya thelathini, anaendelea kubonyeza muda mrefu hata zawadi ikikoma. Baadaye Wolfram Schultz alipima seli za dopamini, kemikali ya hamu, kwenye ubongo wa nyani waliokuwa wanapewa matone ya juisi. Seli zilishtuka zaidi kwa tone lisilotarajiwa. Tone lililozoeleka halikuzishtua.

Sasa angalia poka. Una karata nne za kopa, mbili za mkononi na mbili kati ya zile tatu za kwanza kufunuliwa mezani, unasubiri kopa ya tano ili zote tano ziwe kopa. Karata usizoziona ni 47, kopa zilizobaki ni 9. Karata inayofuata ina uwezekano wa asilimia 19 hivi kukupa. Ukisubiri zote mbili zilizobaki kufunuliwa mezani, ni kama asilimia 35. Yaani mara mbili kati ya tatu utakosa, na mara moja utapata. Ukitaka kumfundisha kiumbe asiache kubonyeza, hicho ndicho kipimo.

Kwa hiyo sebule haina kosa na mleta mada hana kosa. Ni mpangilio wa zawadi wenyewe.

#9 Mbishi wa Haki
#8 nashukuru kwa elimu, ila hujanijibu. Wale watano nao wana ubongo na dopamini.

#10 Zamu ya Usiku
Ni kweli, sijakujibu. Watu hawako sawa kwenye hili, na sababu ziko nyingi: urithi, umri ulioanza, msongo, upweke. Hata dawa zinaweza. Kuna dawa za ugonjwa wa Parkinson zinazoiga kazi ya dopamini, pramipexole ni mojawapo, na inajulikana kwamba baadhi ya wanaozitumia huanza kucheza kamari kupita kiasi, watu ambao hawakuwahi kugusa karata. Dozi ikipunguzwa au dawa ikibadilishwa, wengi hamu inatulia. Yeyote mwenye mzee nyumbani anayetumia dawa hizo akaona mabadiliko, amwambie daktari. Asimkatize dawa kienyeji.

#11 Ushindi wa Kwanza
Mnazunguka mbali. Mimi nawaambia ni ushindi wa kwanza. Usiku wangu wa kwanza sikujua hata kama karata tatu za namba moja zinazishinda jozi mbili. Nilisafisha meza. Wakanipigia makofi, wakaniita profesa. Miaka miwili iliyofuata nilikuwa namtafuta yule profesa. Wenzangu walioanza kwa kuliwa waliona mchezo wa kipuuzi wakaenda zao. #7, jibu la wale watano nadhani liko hapo. Mleta mada, usiku wako wa kwanza ulikuwaje?

#12 Sebule ya Ijumaa
#11 nilipoteza, mkuu. Na usiku wa pili. Kwangu haikuwa ushindi.

#13 Ushindi wa Kwanza
Basi kwako ni kingine. Kwangu ni hicho.

#14 Mke wa Mchezaji
Naomba nisikike na mimi ambaye sichezi.

Karata zilikuwa zinachezwa kwangu. Nilizipenda. Mume wangu zamani alikuwa anatoka usiku, sijui yuko wapi, na sasa yuko sebuleni nasikia kicheko chake. Nilikuwa nawaandalia, nawatandikia wanaolala. Shemeji zangu wale wote. Nilijiambia afadhali karata.

Kilichonifungua macho hakikuwa pesa, kwa sababu pesa alikuwa anaificha vizuri. Ni kwamba kicheko kilikoma. Nikawa nalala chumbani nasikia chipu zinagongana tu, saa nzima, hakuna neno. Wanaume sita wamekaa kimya kama wako msibani. Nilitoka nikawaangalia nikaona hawaonani. Kila mmoja anaangalia mikono ya mwenzake.

Mnaongelea ubongo na hesabu. Mimi nasema walianza kwa kupendana na mchezo ukala urafiki kwanza, pesa ikafuata.

#15 Bibi Shupaza
#14 dada yangu, hiyo ya kicheko imenigusa. Kwetu ilikuwa hivyohivyo na sikuwahi kuitambua hadi nimesoma hapa.

#16 Ndoto Kubwa
Jamani msitishe watu. Kuna Mmarekani anaitwa Chris Moneymaker, mchezaji mkubwa wa kulipwa, alianza kwa dola 40 akawa bilionea wa poka. Wengine wananaswa na umaskini, wengine wananaswa na utajiri.

#17 Hesabu Haidanganyi
#16 turekebishe. Moneymaker hakuwa mchezaji wa kulipwa, alikuwa mhasibu. Mwaka 2003 aliingia shindano dogo la mtandaoni kwa dola 86, likampa nafasi kwenye fainali kuu ya World Series of Poker, mashindano makubwa ya poka, kule Las Vegas, ambayo kiingilio chake ni dola 10,000. Walikuwa washiriki 839. Akashinda dola milioni 2.5. Bilionea hakuwa.

Jambo ambalo watu hawalisemi ni lililofuata. Mwaka 2004 washiriki walikuwa 2,576, mwaka 2006 wakawa 8,773. Wote walimwona mhasibu mmoja wakajiona wao. Fainali ina bingwa mmoja.

#18 Ndoto Kubwa
Sawa nimekubali marekebisho. Lakini hata wewe #17 unaonekana unaijua hiyo historia kwa kichwa, hukuiokota barabarani. Nawe uliota.

#19 Hesabu Haidanganyi
Niliota, ndiyo. Miaka minne.

#20 Mgeni wa Meza
Samahani natoka nje ya mada kidogo. Karata tano za aina moja (mfano kopa tupu) na mfululizo wa karata tano, ipi inashinda? Kwetu tunagombana kila wiki. Na ni kweli ile kubwa kuliko zote, kutoka kumi hadi ree za aina moja, inatokea mara moja kwa milioni?

#21 Bibi Shupaza
Aina moja inashinda mfululizo. Sababu ni uhaba. Karata 52 zinatoa mikono 2,598,960 ya karata tano. Mifululizo ya kawaida ni 10,200, za aina moja zisizo mfululizo ni 5,108. Ile kubwa ni mikono 4 tu, yaani moja kwa 649,740, si milioni. Hiyo ni kwa karata tano za kugawiwa. Kwenye Texas Hold'em, aina ya poka ambapo una mbili mkononi na tano ziko mezani, unachagua tano bora kati ya saba, kwa hiyo inatokea mara nyingi zaidi, kama moja kwa 30,940.

#22 Kijiwe cha Pili
Uzi wa uraibu umegeuka darasa la karata. Mleta mada rudi uwakusanye watu wako.

#23 Hasira za Ree
Narudi kwenye mada kupitia hizohizo karata. Ree mbili mkononi unazipata kwa wastani mara moja katika mikono 221. Nilizipata, mwenzangu akawa na wafalme wawili. Tukaweka chipu zote kabla ya karata za mezani kufunuliwa. Hapo mwenye ree ana zaidi ya asilimia 80. Mfalme wa tatu akatokea kwenye karata ya mwisho.

Nilicheza vizuri na nikapoteza kila kitu. Hakuna anayekuambia jinsi jambo hilo linavyouma. Ningecheza vibaya ningejirekebisha. Lakini nimefanya sawa, basi dunia inanidai, na nikawa nakaa kulidai deni hilo. Nilinunua tena mara tatu usiku uleule, kwa hasira, nikicheza karata mbovu ambazo siku ya kawaida ningezitupa. Kunaswa kwangu kulianza na deni lile la kufikirika.

#24 Zamu ya Usiku
#23 umeeleza kufukuzia hasara kuliko vitabu vyangu. Ndiyo moja ya dalili tunazoziuliza. Tangu 2013 madaktari wa akili wa Marekani wameuweka ugonjwa wa kamari kundi moja na pombe na dawa za kulevya. Kabla ya hapo ulikuwa kwenye kundi la kushindwa kujizuia, pamoja na wizi wa kulazimika. Dalili ziko tisa, ukiwa na nne ndani ya miezi 12 unahesabika. Kuongeza kiwango ili usikie ile raha, kurudi kesho kufidia ya jana, kuficha, kukopa ili wengine wakuokoe, hizo ni baadhi.

#25 Mbishi wa Haki
Hapo kwenye kukopa ndipo ninapotaka kufika. Kasino ikikukopesha kuna karatasi, kuna kikomo. Rafiki akikukopesha mezani anasukuma chipu kwa kiganja, anasema "tutahesabiana". Hajakuuliza unazo. Ataulizaje? Angekuvunjia heshima. Nimekuwa nikimpinga mleta mada tangu asubuhi lakini kwenye deni la rafiki nampa haki yake. Deni lile halina mwisho, na huwezi kuacha kwenda Ijumaa kwa sababu ukiacha utaonekana unakimbia.

#26 Simu Mkononi
Mnasahau simu. Sebule ilinifundisha kanuni, simu ikanimaliza. Mezani kwetu mikono ishirini hadi thelathini kwa saa, kuchanganya karata, soga, mtu kaenda chooni. Kwenye simu meza moja inakimbia mara mbili au tatu ya hapo, na unaweza kufungua meza nne. Nilikuwa naicheza ili "nifanye mazoezi ya Ijumaa". Ijumaa yenyewe ikaanza kunichosha, naiona ya polepole. Kwa hiyo mimi nasema sebule ni shule ya awali tu. Mtego wenyewe uko mfukoni.

#27 Mwenye Meza
Nimesoma uzi huu tangu jana na nimeandika nikafuta mara tatu.

Mimi ndiye mwenye sebule. Si ya mleta mada, ya kwangu. Meza ni yangu, chipu nilinunua mimi, daftari la madeni nilishika mimi. Sikuwahi kukata hata senti. Nilijivunia hilo. Kila mtu alikuwa ananisifu kwamba kwangu ni mahali salama.

Rafiki yangu mmoja alikuwa anafika wa kwanza na kuondoka wa mwisho. Nilifurahi, nikidhani ananipenda. Alikuwa ananipenda, na alikuwa anazama. Katika daftari langu jina lake lilijaza kurasa. Nilikuwa naandika kwa mkono wangu kila Ijumaa kiasi anachodaiwa na sikumwambia neno, kwa sababu sikutaka kumwaibisha mbele ya watu. Wala faragha sikumwambia. Aliuza chombo chake cha kazi. Nilisikia kwa mtu mwingine.

Nilifunga meza. Akatafuta nyingine, ya watu asiowajua. Sasa #3 anasema nyumbani ni nafuu kihesabu, na ni kweli, mimi mwenyewe ndiye niliyeandika hizo hesabu. Lakini ningekuwa kasino ningekuwa na kisingizio kwamba sikumjua.

#28 Mke wa Mchezaji
Mwenye Meza, kaka yangu, umempigia simu?

#29 Mwenye Meza
Hapokei yangu.

#30 Ushindi wa Kwanza
Mkuu usijibebeshe yote. Mimi nilikuwa na wenyeji walionionya na sikusikia. Nilihamia meza nyingine hivyohivyo.

#31 Bibi Shupaza
#30 sikubaliani. Onyo lililotolewa na onyo lililomezwa si kitu kimoja. Mwenye Meza anayajua hayo ndiyo maana kaandika. Mwandikie barua, ndugu. Simu inakatwa, barua inasomwa hata kwa hasira.

#32 Hesabu Haidanganyi
Mwenye Meza, nimerudi kusoma #3 yangu. Hesabu ile haina kosa. Ila niliiandika kwa haraka ya mtu anayetaka kushinda ubishi, na nasikitika.

Kwa anayetaka msaada, Gamblers Anonymous, chama cha wacheza kamari wanaosaidiana kuacha, ipo tangu 1957, ilianzia Los Angeles, na ina maswali 20 ya kujipima. Nilijibu "ndiyo" kwa 13. Kwao saba zinatosha kukuambia una tatizo.

#33 Mchapa Karata
Hivi kwa kanuni ileile ya #1, kununua mara moja tu, zikiisha umetoka, je ingemsaidia mtu? Naulizia kwetu. Sitaki kuvunja kundi.

#34 Hasira za Ree
Inasaidia mtu wa hasira kama mimi, maana huwezi kufukuzia.

#35 Simu Mkononi
Haimsaidii mwenye simu. Atatoka mezani saa tatu, saa tatu na nusu yuko chooni anacheza kwingine.

#36 Sebule ya Ijumaa
Wakuu nilipotea siku mbili. Swali la #7 lilininyima usingizi, kwa hiyo nilifanya jambo ambalo nilipaswa kulifanya kabla ya kufungua uzi. Nimewapigia wale watano mmoja mmoja.

Watatu wako salama kabisa. Mmoja alicheka, akasema yeye alikuwa anakuja kwa sababu ya kampani na karata zilikuwa zinamchosha. Wa nne alinyamaza muda mrefu, kisha akasema anacheza kwenye simu kila usiku tangu mwaka jana. Wa tano akaniambia, "Nilikuwa nakusubiri wewe useme tuache, kwa sababu wewe ndiye uliyekuwa unatukumbusha."

Kwa hiyo tuko watatu kati ya sita. Na miaka yote hiyo tuliketi meza moja, kila mmoja akidhani ni yeye peke yake.

#37 Mbishi wa Haki
Basi niliandika "mguu mmoja" bila kujua. Naomba radhi. Bado nitauliza kuhusu wale watatu salama, maana mpaka sasa hakuna aliyenieleza nikaelewa. Lakini si leo.

#38 Zamu ya Usiku
Hata sisi wa wodini hatujaelewana kuhusu hao watatu. Uliza tu.

#39 Mke wa Mchezaji
Mleta mada, hao wenzako wawili, wake zao wanajua?

#40 Sebule ya Ijumaa
Yule wa simu, ndiyo, alimwambia mkewe juzi. Wa pili bado. Ameniomba Ijumaa hii niende kwake, nikae naye pale sebuleni wakati anamwambia. Nimemwambia nitafika mapema.